Saa Inayojiandika Katika Daftari la Kompyuta

Ndugu Wanachama,

Mkulima aweza kutuuliza: "Karafuu zangu nilizipima Jumatatu, mbona daftari la kompyuta lasema Jumatano?" Swali hili lastahili jibu, maana bei ikibadilika Jumanne, tarehe ndiyo haki yake.

Daftari la kompyuta lina safu, kama daftari la mkono. Safu moja hujiandika yenyewe: karani akitia mstari mpya, mashine huandika siku na saa. Ni faida kubwa, kwani haisahau wala haimpendelei mtu. Lakini yashuhudia jambo moja tu, yaani lini mstari uliandikwa. Haijui gunia lilikuwa mizanini lini. Kwa hiyo siku ya kupima yafaa iwe na safu yake mbali, ijazwe na karani kutoka katika risiti.

Safu nyingine ni ya masahihisho, nayo hubadilika kila mstari uguswapo. Tusiichanganye na ile ya kwanza. Katika MySQL za zamani, safu ya kwanza ya namna hii iliweza kujibadilisha pasipo kuamriwa. Ukisahihisha jina tu, tarehe ya awali imekwenda zake.

Tena kuna jambo la saa ya nchi gani. Tutazame Mwaya, wilaya ya Kyela, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kwa wenzetu wakulima wa kakao na mpunga. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo huweza kufuata saa ya huko. Basi ikiwa Mwaya ni saa sita na nusu usiku, tarehe 1 Julai, simu hiyo yaonyesha saa tano na nusu, tarehe 30 Juni. Siku imegeuka, na mwezi nao!

Dawa yake ni kompyuta itunze saa ya dunia, iitwayo UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kisha igeuzwe wakati wa kusoma. Kwa saa hiyo, Mwaya na ng'ambo zote husema saa tatu na nusu usiku, tarehe 30 Juni.

Basi ndugu zetu, msitupe risiti ya mzani. Mashine ni shahidi mmoja. Wa pili uko mkononi mwako.

Katibu wenu