Kuchora Ramani ya Watu na Makazi kwa Takwimu za Sensa

Ukichukua idadi ya watu wa kila mkoa kutoka Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, ukaipaka rangi kwenye ramani ya Tanzania, utapata picha ya nchi ambayo haipo. Tabora, yenye watu 3,391,679, itatanda upande wa magharibi kwa rangi iliyokolea, na msomaji ataamini kwamba huko watu wamebanana. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728, itabaki alama ndogo pwani, ikizibwa hata na jina lake lenyewe. Tabora ina eneo linalozidi la Dar es Salaam zaidi ya mara 50, na jicho huona ukubwa wa eneo kabla halijasoma rangi.

Ndiyo maana ninashikilia kanuni moja kuliko zote: idadi usiipake rangi. Idadi ichorewe duara katikati ya mkoa, kubwa kwa penye wengi, dogo kwa penye wachache. Hakikisha kinacholingana na idadi ni eneo la duara, si kipenyo chake. Ukizidisha kipenyo mara mbili, duara linakuwa kubwa mara nne, na mkoa wenye watu maradufu utaonekana una watu mara nne. Rangi ziachie viwango: watu kwa kilometa ya mraba, asilimia ya kaya zenye umeme, wastani wa watu katika kaya. Ukipaka msongamano, Dar es Salaam inakuwa na watu wapatao 3,865 kwa kilometa ya mraba, Tabora kama 45, na Lindi 18. Hapo ramani inaanza kusema kweli.

Kazi yenyewe huanzia kwenye jedwali. Takwimu hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na, kwa Zanzibar, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Utahitaji pia faili la mipaka ya mikoa, wilaya au kata, na programu ya QGIS, ambayo haina malipo. Vurugu nyingi hutokea wakati wa kuunganisha jedwali na mipaka. Kompyuta haijui kwamba "Dar-es-Salaam" na "Dar es Salaam" ni mkoa mmoja, wala kwamba nafasi tupu iliyosahauliwa mwishoni mwa jina la kata haina maana. Unganisha kwa namba za utambulisho wa maeneo, si kwa majina. Ondoa pia alama za mkato ndani ya tarakimu, maana 5,383,728 ikiingia nazo huweza kusomwa kama maandishi na kukataa kugawanywa. Ukimaliza, jumlisha safu nzima. Isipokupa 61,741,120, kuna eneo limedondoka njiani. Litafute kabla hujachora chochote.

Ukikokotoa msongamano mwenyewe, uangalie mfumo wa ramani. Mafaili mengi ya mipaka huhifadhiwa kwa latitudo na longitudo, yaani kwa nyuzi, na nyuzi hazigeuki kuwa kilometa za mraba kwa kugawanya tu. Ibadilishe ramani kwanza iingie kwenye mfumo unaopima kwa meta. Kisha toa maji. Sehemu kubwa ya mkoa wa Mwanza ni Ziwa Victoria, na ukiacha ziwa ndani ya hesabu utakuwa unatawanya watu juu ya maji na kuushusha msongamano wa mkoa ambao, kwa nchi kavu, ndio unaoifuata Dar es Salaam upande wa Bara.

Kwenye kugawa madaraja ya rangi ndipo ramani nyingi huharibika, na huharibika kimyakimya. Programu inaweza kukugawia madaraja matano yenye upana sawa. Kwa Bara, ambako kilele ni 3,865, kila daraja litakuwa na upana wa watu wapatao 770. Matokeo yake, Dar es Salaam itakaa peke yake juu, na mikoa mingine yote 25, kuanzia Lindi mpaka Mwanza, itapakwa rangi moja. Hiyo si ramani tena. Panga madaraja kwa mkono ukitazama tarakimu zenyewe: chini ya 30, 30 hadi 49, 50 hadi 99, 100 hadi 399, na 400 kwenda juu. Mara Lindi, Katavi na Ruvuma zinajitenga, na mikoa ya Kanda ya Ziwa inajitokeza. Tumia rangi moja inayokolea hatua kwa hatua, wala si upinde wa mvua, kwa sababu hakuna anayejua kama zambarau ni zaidi ya kijani, na ramani yako itarudufiwa kwa mashine ya nyeusi na nyeupe ofisini.

Kulinganisha sensa mbili kunataka uangalifu wa peke yake. Mwaka 2012 Mbeya ilihesabiwa watu 2,707,410. Mwaka 2022 ni 2,343,754. Ukichora mabadiliko bila kuuliza, utatangaza kwamba Mbeya imepoteza watu zaidi ya 360,000. Ukweli ni kwamba mwaka 2016 ulimegwa mkoa wa Songwe, nao ulihesabiwa watu 1,344,687. Irudishe mikoa yote miwili kwenye mpaka wa zamani na utapata 3,688,441, yaani ongezeko la karibu watu milioni moja. Kata na halmashauri nazo hugawanywa mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kulinganisha, ziunganishe za sasa zilingane na zilivyokuwa.

Ukishuka ngazi ya wilaya na kata, kumbuka mahali ambapo hapaishi mtu. Wilaya ya Liwale ina eneo kubwa la hifadhi, na kuipaka wilaya nzima rangi ya msongamano ni kuwaweka watu ndani ya pori. Zitenge hifadhi na misitu, uziache na rangi ya kijivu, kisha gawanya watu kwa ardhi iliyobaki. Afisa mipango anayetafuta pa kujenga zahanati ataona vijiji vilipo badala ya wastani usiomsaidia.

Upande wa makazi una mtego wake. Sensa ya 2022 ilihesabu majengo 14,348,372, na inavutia kuyachukua kama ndiyo nyumba za familia. Lakini jengo si kaya. Manzese, Dar es Salaam, nyumba moja ya vyumba sita yenye ukumbi katikati inaweza kuwa na wapangaji sita, kila mmoja na jiko lake la mkaa mlangoni: jengo moja, kaya sita. Kijijini, kaya moja inaweza kuwa na nyumba ya kulala, jiko na ghala: majengo matatu, kaya moja. Ramani ya idadi ya majengo pekee itaonyesha kijiji kina nafasi tele na Manzese kana kwamba haina watu wengi. Amua mapema unagawanya kwa nini, kisha uandike kwenye ufunguo wa ramani, kwa maneno kamili: "asilimia ya kaya", au "asilimia ya majengo". Ukitumia picha za setilaiti kuhesabu mapaa, onyo ni lile lile.

Mambo ya mwisho ni madogo, ila msomaji huyaona kwanza. Mjini Magharibi, Zanzibar, ina watu 893,169 katika eneo dogo ambalo kwenye ramani ya taifa halionekani. Ichoree kisanduku pembeni chenye kipimio chake, na Dar es Salaam vivyo hivyo. Andika mwaka wa takwimu na mwaka wa mipaka, maana si lazima viwe kitu kimoja. Usiweke nukta ya nyumba ya mtu mmoja mmoja, hata kama unayo. Kisha chapisha nakala moja, uipeleke kwa mtendaji wa kata au sheha, umwombe akuonyeshe kwa kidole mahali ambapo watu ni wengi kuliko ulivyopaka.