SOMO LETU: Mdalasini Nyuma ya Nyumba



Somo hili tumeombwa na kikundi kimoja cha kina mama wa hapa Pwani, na waliliomba baada ya kupata hasara. Mwenzao mmoja alikuwa na mdalasini mkubwa karibu na jiko. Akaja mnunuzi, wakapatana bei, kisha yule bwana akabandua maganda ya shina pande zote, mti ukiwa umesimama vile vile. Mama akapata pesa za madaftari ya watoto. Baada ya miezi michache majani yakapukutika, mti ukakauka. Kuna waliosema ni kijicho cha majirani.

Hebu tuelewane hapa. Majani ndiyo hutengeneza chakula cha mti, na chakula hicho hushuka mizizini kwa kupitia kwenye ganda. Ukiliondoa ganda kuzunguka shina lote umekata njia, na mizizi itakufa njaa. Mdalasini haubanduliwi ukiwa umesimama. Hukatwa kwanza, na kisiki huachwa kichipue tena.

Mti huu asili yake ni Sri Lanka, na majirani zetu wa Unguja na Pemba wanao. Wasomaji wa Biblia wataukumbuka katika Kutoka sura ya 30, pale Musa anapoagizwa kuweka shekeli 250 za mdalasini katika mafuta ya kupaka. Unapenda joto, mvua ya kutosha na udongo usiotuamisha maji, hata wa mchanga mchanga, bora utie samadi. Chini ya minazi unakaa vizuri. Wenzetu wa milimani kwenye baridi kali, heri mtafute mti mwingine.

Mbegu zake ndizo huwashinda wengi. Mtu anaziokota, anazifunga kwenye kitambaa, anaziweka darini kungoja mvua kama afanyavyo na mahindi. Akija kuzipanda hazioti, kwa kuwa mbegu ya mdalasini hufa upesi. Chuma matunda yakishakuwa meusi (wahi kabla ya ndege!), toa nyama yake, osha mbegu, anika kivulini na uzipande bila kukawia. Tumia kitalu chenye kivuli, au pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. Zikiwa nzima, huanza kuota baada ya wiki mbili tatu hivi. Majani machanga huwa mekundu, basi usidhani ni ugonjwa. Zungushia kitalu miiba, maana kuku wakiingia asubuhi moja tu, kazi imekwisha.

Miche ikifika urefu wa futi moja, ngojea mvua ya masika ishike ndipo uihamishe. Acha kama mita 2 kati ya mti na mti, na uweke majani makavu kuzunguka shina, lakini yasiliguse, kwa sababu ya mchwa. Kiangazi cha mwaka wa kwanza mwagilia hata kwa maji uliyooshea mboga.

Ukiachwa, mdalasini hufika mita 10 na zaidi. Sisi tunautaka uwe kichaka. Ukifika miaka miwili au mitatu, kata shina kiasi cha shibiri moja kutoka ardhini, kisha fukia kisiki kidogo kwa udongo. Machipukizi yatatoka mengi. Bakisha manne hadi sita yaliyonyooka, mengine ondoa. Baada ya kama miaka miwili, yakiwa na unene wa kidole gumba au kupita kidogo na ganda likianza kuwa la kahawia, ni tayari.

Kata wakati wa mvua, kwani kiangazi ganda hung'ang'ania mti. Kwangua ngozi ya juu, sugua fimbo kwa kitu laini cha chuma mpaka ganda lilegee, kisha chora kwa kisu mizunguko na mistari miwili ya urefu, uinue taratibu. Ingiza vipande vyembamba ndani ya vikubwa, anika kivulini kwanza ndipo jua lisilo kali. Vitajikunja vyenyewe. Usianike chini penye vumbi. Mkeka au kitanda cha kamba kinatosha.

Na soko? Hatutawadanganya. Miti mitatu haitajenga nyumba. Lakini kikundi cha watu ishirini, kila mmoja na miti yake, kinaweza kukusanya mzigo pamoja na kukataa bei ya kutupwa. Jueni pia kuna mdalasini mwingine dukani, kasia, ambao ganda lake ni nene, gumu, la tabaka moja. Huo una kumarini nyingi, ambayo ikitumiwa kwa wingi kila siku inaweza kudhuru ini. Wenu utakuwa mwembamba, wa tabaka nyingi, wa kuvunjika kwa vidole. Mwonyesheni mnunuzi tofauti hiyo kabla hajataja bei. Huku mkingoja, majani yenyewe yatatia chai na pilau harufu.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Ni nani kijijini ana mdalasini unaozaa, na tutamwendea vipi ili tupate mbegu mbichi?
2. Kitalu kitakuwa kwa nani, na zamu ya kumwagilia itapangwaje?
3. Mnunuzi akimwendea mwenzetu peke yake siku ya shida ya karo, kikundi kitamsaidiaje asiuze ganda la mti uliosimama?