Gauni Moja, Vifungashio Vitano: Nilivyopunguza Bila Kuharibu Mzigo

Wadau, leo tuongelee vifungashio.

Mimi nauza magauni ya vitenge. Oda nyingi napokea WhatsApp na mizigo inatoka Kinondoni. Mwaka jana mteja wa Tabata alinitumia sauti: "Dada, gauni nimelipata, zuri sana. Ila uchafu uliokuja nalo umejaza ndoo yangu ya taka." Nilinuna, nikasema huyu naye! Usiku nikakaa nikapiga hesabu.

Mfuko wa nailoni unaoonyesha, 150. Karatasi laini, 150. Kadi ya asante, 150. Stika, 100. Mfuko mbadala wa kubebea, 300. Jumla shilingi 850 kwa gauni moja. Kwa oda 40 za wiki ni 34,000, na yote inachanwa na kutupwa ndani ya dakika moja.

Halafu huu mfuko mbadala unaofanana na kitambaa, wengi tunadhani si plastiki. Ni plastiki jamani, imetengenezwa kwa polipropilini. Faida yake ni kutumika tena na tena, ndiyo maana kiwango kinataka usipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Ule mwepesi unaochanika siku ya kwanza hauna tofauti kubwa na mifuko iliyopigwa marufuku Juni 1, 2019. Na ule wa nailoni unaoonyesha ni wa kufungia bidhaa tu; usimkabidhi mteja abebee, utajitafutia faini.

Basi nikakata vyote siku moja, nikabaki na mfuko wa kaki. Hapo nikachemsha. Ilikuwa masika, boda anaenda Mbezi, ndani kuna gauni jeupe lenye maua. Kaki ikalowa, ikachanika, gauni likafika na madoa ya kahawia. Nikarudisha 28,000 ya watu, na gauni nikabaki nalo mwenyewe.

Niliyumba wiki nzima, karibu nirudi kwenye nailoni. Kisha nikaona kosa langu lilipo. Mvua inaukuta mzigo kwenye pikipiki, haiukuti sebuleni kwa mteja. Kwa nini basi nilipie kinga ya mvua mara 40, wakati safari zote anabeba mtu mmoja? Nikaenda kwa fundi, akanishonea begi la turubai lenye zipu na mfuniko, 18,000. Boda wangu analo mpaka leo. Mizigo yote inaingia humo, kila mmoja kwenye kaki iliyofungwa kwa utepe wa vipande vya kitenge ambavyo fundi alikuwa anavitupa. Sasa natumia 250 kwa mzigo. Begi lilirudisha hela yake kabla wiki haijaisha.

Kadi ya asante nimeihamishia WhatsApp: ujumbe mfupi wa shukrani na namna ya kufua kitenge kisichuje. Hakuna aliyewahi kuulizia kadi.

Kingine ni safari zenyewe, maana petroli nayo ni moshi na ni hela. Mbagala na Temeke napeleka Jumanne na Ijumaa. Mbezi na Tegeta, Jumatano na Jumamosi. Anayetaka leo leo analipia boda wake. Sitakuficha, wateja wawili waliondoka kwa ajili hiyo.

Mizigo ya kurudishwa ndiyo ilikuwa inaniumiza zaidi, kwa sababu boda anakwenda mara mbili kwa gauni ambalo halijauzwa. Siku hizi siandiki "saizi M" peke yake. Naweka kifua, kiuno na urefu kwa sentimita, na picha napiga mchana nje, bila kuchezea rangi. Kabla sijafunga mzigo namwambia mteja, "Dada, chukua gauni lako linalokukaa vizuri, lilaze kitandani, pima kifua kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili, nitumie." Wengine wanalalamika nina maswali kama fundi, lakini wanapima.