MANENO YA KUUNGA, NA KAZI YAKE KATIKA KHATI NA KATIKA SHARIA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Neno hili lenyewe, ambalo killa mwenye kuhudhuria Ijumaa hulisikia kwa Kiarabu katika kinywa cha khatibu, ni neno la kuunga. Kazi yake ni kukata sifa na sala zilizotangulia, na kumfungulia msikizi mlango wa makusudio. Mtume (S.A.W.) alikuwa akilitumia katika khutuba zake, nalo limo katika barua aliyompelekea Hirakli, mfalme wa Rumi. Imamu Bukhari ameliwekea mlango wake katika mambo ya Ijumaa. Wanavyuoni wamekhitalifiana ni nani wa kwanza kulitamka: wako wasemao ni Nabii Daudi (A.S.), na wako wasemao ni Kussi bin Saida, khatibu wa Waarabu wa zama za ujahili. Neno ambalo wakubwa wa elimu wameliulizia asili yake kwa bidii kama hiyo si dogo, ijapokuwa herufi zake ni chache.

Wengi hudhani kuwa kujua kuandika ni kujua maneno makubwa. Sivyo. Mitepe ya zamani ya pwani hii ilishonwa kwa kamba za makumbi, wala haikuwa na msumari; kamba ikioza chombo huzama, na mbao zake zote ni nzima. Maneno makubwa ni mbao, na maneno ya kuunga ndiyo kamba. Barua nyingi, hati nyingi na wasia mwingi umezama kwa kamba mbovu.

TAFAUTI YA HERUFI ZA ATFU

Vijana wa madrasa huzihifadhi herufi hizi mapema katika Ajrumiya, kitabu kidogo cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Fasi, aliyefariki mwaka 723 wa Hijra (1323). Humo zimehesabiwa herufi 10: wau, fa, thumma, au, am, imma, bal, la, lakin, na hatta katika baadhi ya mahali. Lakini wengi huhifadhi hesabu, wasihifadhi tafauti.

Akisema mtu kwa wau kuwa wamekuja Zaidi na Amru, ameeleza kuja kwa wote wawili tu. Hakueleza nani aliyetangulia. Akisema kwa fa, Zaidi ametangulia na Amru amemfuata papo hapo. Akisema kwa thumma, Zaidi ametangulia, na Amru amekuja baada ya muda kupita. Akisema kwa au, amekuja mmoja wao, na msemaji ama hajui ni yupi, ama hataki kumtaja. Akisema kwa bal, amelirudi neno lake la kwanza na kukuhamishia kuja kwa Amru. Watu ni wale wale wawili, na kitendo ni kile kile kimoja. Kilichobadilika ni neno la kuunga, na khabari zimekuwa tano.

MASALA YA KWANZA: UDHU

Katika aya ya 6 ya Sura ya Maida vimetajwa viungo vinne vya udhu, uso na mikono na kichwa na miguu, navyo vimeungwa kwa wau. Wau, kama ilivyotangulia, haifahamishi utaratibu. Kwa ajili hii wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wakasema kuwa kufuatanisha viungo ni sunna. Imamu Shafii na wafuasi wake wakasema ni faradhi. Wala hawakutegemea wau peke yake. Wametazama kuwa kichwa, ambacho hupakwa maji, kimetiwa baina ya mikono na miguu, navyo ni viungo vya kuoshwa. Na Waarabu hawatengi vitu vya namna moja kwa kutia kati kitu cha namna nyingine illa kwa faida, na faida hapa ni kuwajibisha utaratibu. Tena Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa utaratibu huo. Basi aone msomaji jinsi maimamu walivyoipima herufi moja kabla ya kumwamrisha mtu anyooshe mkono wake kwenye maji.

MASALA YA PILI: ADABU

Imepokewa katika hadithi ya Hudhaifa (R.A.), aliyoitoa Abu Daud, kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza watu kusema kuwa jambo limekuwa kwa kutaka Mwenyezi Mungu na kutaka fulani. Akawafundisha waseme kuwa ametaka Mwenyezi Mungu, kisha ametaka fulani. Maneno yote yamebaki mahali pake, illa wau imeondoka na thumma imekuja. Wau humweka mja katika safu moja na Mola wake. Thumma humrejesha nyuma, katika daraja yake. Neno la kuunga limekuwa ni jambo la itikadi.

Na katika vitabu vya balagha imesimuliwa kuwa Sayyidna Abubakari (R.A.) alimwuliza mtu mwenye nguo kama aiuza. Yule akajibu kwa "la", na papo hapo akaunga dua ya kumwombea afya bila ya kutia herufi kati. Yaliyosikika yakawa kama kwamba anamwombea asipewe afya. Abubakari akamfundisha atie wau baada ya "la". Kwa herufi moja, yaliyokuwa kama maapizo yakageuka dua.

MASALA YA TATU: WAKFU

Hapa ndipo penye hasara ya mali na kukatika kwa udugu, basi msomaji na apazingatie.

Tuseme mzee ana shamba la minazi na wana watatu. Mkubwa ana watoto wanne. Wawili waliobaki hawana watoto. Mzee akataka kuliweka shamba wakfu, akamwita mwandishi, na mwandishi akaandika: "Wakfu kwa wanangu na wana wa wanangu." Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameieleza masala hii katika Minhaji: tamko la namna hii, kwa wau, huwashirikisha wote kwa usawa. Basi wenye haki ni watu saba siku ile ile. Yakipatikana mapato ya shilingi 4,200, killa mtu hupata 600. Nyumba ya mwana mkubwa, yeye na watoto wake wanne, itapata 3,000, na killa mmoja katika nduguze wawili atapata 600.

Lau mwandishi angaliandika, "kwa wanangu, kisha wana wa wanangu, kisha wana wao," hukumu ingalikuwa nyingine. Kisha ni thumma, nayo ni ya utaratibu. Wana watatu wangaligawana 1,400 killa mmoja, na mjukuu asingalipata kitu maadamu yuko hai hata mmoja katika tabaka ya kwanza. Na hapa pana jambo jingine la kuchungwa: akifa mwana mkubwa, fungu lake litawarudia nduguze, wala si watoto wake mayatima, mpaka tabaka ile ya kwanza iishe yote, illa ikiwa mwenye wakfu ameshurutisha kuwa mwenye kufa fungu lake ni la watoto wake. Vile vile mwanamume na mwanamke ni sawa katika wakfu huu, isipokuwa ameshurutisha wagawane kama katika mirathi.

Je, mzee alikusudia lipi? Pengine lile, pengine hili. Lakini mafakihi wamelifanya sharti la mwenye wakfu kama nassi, na kadhi hufuata tamko lililoandikwa. Mwenye wakfu akisha kuwa kaburini hapana wa kumwuliza. Ndugu waliokula sinia moja hukutana mbele ya kadhi, huyu ameshika "na", na yule ataka aonyeshwe "kisha" ambayo haikuandikwa. Dhambi si ya marehemu. Ni uzembe wa mwandishi aliyechovya kalamu asiulize.

MASALA YA NNE: KISWAHILI

Kiswahili kimepokea mengi ya maneno haya kutoka Kiarabu, kama lakini, bali, au, ama, wala, hata na yaani. Nacho kina yake pia. Mwandishi sharti ajue mzigo wa killa moja.

"Na" imebebeshwa mizigo mingi. Huunga, na tena huonyesha mtendaji, kama katika kusema "nyumba imejengwa na Zaidi". Kwa hivyo isiachwe peke yake mahali penye haki za watu. Kiswahili kina "ka" ndani ya kitendo, ambayo hufanya kazi iliyo karibu na fa ya Kiarabu. "Alipokea fedha na alitia sahihi" haielezi lipi lilitangulia. "Alipokea fedha akatia sahihi" imeeleza kuwa fedha zilitangulia. "Alitia sahihi, kisha, baada ya siku tatu, akapokea fedha" ni khabari nyingine kabisa. Mdai na mdaiwa wakishindana, herufi hiyo moja huwa ni shahidi.

"Sikumuuzia nyumba na kiwanja" ni kauli yenye mwanya. Mshindani aweza kusema kuwa kilichokanushwa ni kuuzwa vyote viwili pamoja, na kimoja kimeuzwa. "Sikumuuzia nyumba wala kiwanja" imeufunga mlango.

"Bali" hufuta na kuweka badala: "nyumba hii si mali yangu, bali ni amana." "Lakini" hakifuti kilichotangulia, huzuia tu dhana isiyo sawa: "deni limelipwa, lakini zimebaki shilingi mia." Mwenye kutia lakini mahali pasipo na dhana ya kuzuiwa, humfanya msomaji atafute kosa lisilokuwapo.

"Mpaka" huleta swali: je, mwisho uliotajwa umo ndani au uko nje? Katika aya ile ile ya udhu mikono imetajwa mpaka vifundo vya viwiko, na wanavyuoni walio wengi wamesema viwiko vimo. Lakini mwenye kuandika "rahani mpaka Ramadhani" amemwachia mwenzake nafasi ya kushindana kwa mwezi mzima. Na aandike "mpaka mwisho wa Shaabani", au "mpaka mwisho wa Ramadhani", apumzike yeye na apumzishe wengine.

"Kwa sababu", "kwani" na "kwa hivyo" ni maneno ya dalili. Mwenye kusema "fulani ameondoka, na ameudhiwa" ametoa khabari mbili. Mwenye kusema "ameondoka kwa sababu ameudhiwa" ametoa shutuma, na shutuma yataka ushahidi. Asiitumie mtu illa kwa jambo alilolihakikisha.

TANBIHI

Msomaji asifahamu kuwa uzuri wa khati ni kuyajaza maneno haya. Jahidhi, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, amenakili kuwa mtu mmoja wa Ajemi aliulizwa balagha ni nini, naye akaifanya kuwa ni kujua mahali pa kuunga na mahali pa kutenga. Abdulkahir Jurjani, wa karne ya 5 ya Hijra, akalisherehesha jambo hili kwa urefu katika Dalail al-Iijaz. Kutenga kuna mahali pake. Mwenye kuandika, "Zaidi amefariki. Wanawe ni wadogo," ametosheka, msomaji ameshaunga mwenyewe kwa moyo wake. Na barua ambayo killa mstari wake waanza kwa "basi" na "tena" ni kama mtu mwenye kubisha hodi naye yumo ndani.

Njia iliyo salama ni hii. Mwandishi akisha kumaliza khati yake, na airejee, asimame penye killa kiungo, na ajiulize maswali matatu: Je, mawili haya ni ya pamoja, au moja hutangulia? Je, la pili limetokana na la kwanza, au limefuatana nalo tu? Je, mshindani akilisoma, aweza kulifahamu kwa njia nyingine? Penye shaka, na atie neno lililo wazi zaidi, hata ikiwa khati itarefuka. Na kama ni hati ya wakfu, au wasia, au deni, na amsomee mwenyewe kwa sauti, amweleze tofauti ya "na" na "kisha" kwa mfano wa watoto wake mwenyewe kwa majina yao, kabla hajaweka sahihi. Dakika chache za kuuliza humwokoa mjukuu na miaka ya kugombana.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kalamu zenye kuunga baina ya ndugu, wala zisiwe zenye kukata. Amin.