Mgongo Wazi na Siku 28 za Mwanzo
Kiinitete cha nzi wa matunda hupangwa na protini iitwayo bikoidi, iliyo nyingi upande wa kichwa na kupungua kuelekea mkiani. Mwaka 1988, nchini Ujerumani, Wolfgang Driever na Christiane Nüsslein-Volhard walionesha kuwa protini hiyo ikiongezwa, mipaka ya mwili husogea nyuma. Hata hivyo, viinitete vingi vya namna hiyo hujirekebisha na kuwa nzi kamili.

Kiinitete cha binadamu nacho huvumilia mengi, ila si yote. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Asidi ya foliki ikipungua, huweza kubaki wazi. Vijijini Dodoma, uwele na mtama husagwa mashineni pasipo kuongezewa virutubishi. Vidonge vya FEFO vya kliniki huifaa sana damu ya mama. Kwa mrija huo huwa vimechelewa, kwani wajawazito wengi huanza kliniki baada ya wiki ya 12. Anayetarajia kushika mimba na ameze miligramu 0.4 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa zaidi, kwa maelekezo ya daktari.