Hadubini Nzuri Hupimwaje?

Ukienda kituo cha afya kupimwa damu, mpimaji hukuchoma kidole. Huweka tone la damu juu ya kipande cha kioo, akalipaka rangi, kisha akalitazama kwa hadubini. Hadubini ni chombo cha kuonea vitu vidogo ambavyo macho yetu hayawezi kuviona. Siku hizi zahanati nyingi zina kipimo cha haraka cha malaria, kile cha mistari. Lakini hadubini bado inafanya kazi, kwa malaria na kwa kifua kikuu pia. Mpimaji akisema hakuona kijidudu, sisi tunaamini na kurudi nyumbani. Haya, hiyo hadubini yenyewe nani ameipima?

Mizani ya dukani hupimwa kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Hadubini nayo hupimwa kwa kitu ambacho udogo wake unajulikana. Tangu miaka ya 1840 huko Ulaya, kitu kilichopendwa sana kwa kazi hiyo ni diatomu.

Diatomu ni mwani mdogo sana wa seli moja. Huishi mtoni, ziwani, baharini na hata kwenye tope. Ule utelezi wa rangi ya kahawia juu ya mawe ya mtoni, unaotuangusha tukienda kuteka maji, mara nyingi umejaa diatomu. Gamba la diatomu ni la silika, yaani kitu cha jamii moja na kioo. Lina pande mbili zinazofunikana kama kopo na kifuniko chake. Diatomu ikifa, mwili huoza lakini gamba halikubali kuoza. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, magamba hayo yalirundikana chini ya ziwa la zamani mpaka yakawa mwamba mweupe, mwepesi kama chaki. Watu wameuchimba mwamba huo kwa kutengenezea vichujio.

Sasa tazama ajabu yake. Gamba hilo lina vitundu vidogo sana vilivyopangwa kwa safu, kama mkeka uliosukwa na fundi. Na kila aina ya diatomu ina msuko wake. Nafasi kati ya safu na safu haitofautiani sana kwa diatomu za aina moja. Kwa hiyo ni rula iliyotengenezwa tayari, haiozi, na ukiihifadhi vizuri kati ya vioo viwili hukaa miaka mia na zaidi.

Chukua rula yako uangalie milimita moja. Ukiigawa vipande 1,000, kipande kimoja kinaitwa mikroni. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 hivi. Diatomu iitwayo Pleurosigma angulatum, safu zake zimeachana kwa karibu nusu mikroni. Nyingine iitwayo Amphipleura pellucida, zimeachana kwa robo mikroni tu. Maana yake katika milimita moja ya rula yako zingeenea safu karibu 4,000! Majina hayo ni magumu kutamka, lakini ndiyo yanayotumika dunia nzima.

Hapa lazima tutofautishe mambo mawili: kukuza na kupambanua. Usiku ukiwa barabarani unaona taa moja inakuja kwa mbali. Unadhani ni pikipiki. Ikikaribia, kumbe ni gari, taa zilikuwa mbili. Ukiwa mbali jicho halikuweza kuzipambanua. Na hadubini ni hivyo hivyo. Inaweza kukuza kitu kikawa kikubwa sana, lakini safu mbili zikaonekana kama ukungu mmoja. Ni sawa na kukuza picha isiyo wazi: uso unakuwa mkubwa, lakini bado humtambui mtu. Basi usishangae ukisikia muuzaji anajisifu kuwa hadubini yake inakuza mara 2,000. Muulize inapambanua kiasi gani. Mimi naona swali hilo lingewaokoa wanunuzi wengi.

Mtaalamu aliyeeleza jambo hili ni Ernst Abbe, wa mji wa Jena huko Ujerumani, mwaka 1873. Mwanga ukipita kwenye safu nyembamba hutawanyika pembeni. Safu zikibanana zaidi, mwanga hutawanyika kwa upana zaidi. Lenzi ikishindwa kuudaka mwanga huo wa pembeni, safu hazionekani. Uwezo wa lenzi kudaka mwanga huandikwa ubavuni mwake kwa namba, kama 0.65 au 1.25. Lenzi inayofanya kazi katika hewa tupu haiwezi kufika 1. Ndiyo sababu mpimaji hudondosha tone la mafuta kati ya lenzi na kioo: mafuta hupitisha mwanga ambao ungepotea hewani.

Hesabu yake si ngumu. Mwanga wa kijani una kipimo cha mikroni 0.55. Zidisha namba ya lenzi kwa 2, kisha gawa 0.55 kwa jibu hilo. Lenzi ya 0.65 inapambanua mpaka mikroni 0.42. Kwa hiyo Pleurosigma itaonekana, Amphipleura haitaonekana. Lenzi ya mafuta ya 1.25 inafika mikroni 0.22. Hiyo itaipata Amphipleura, tena kwa shida kidogo. Fundi hulazimika kuuelekeza mwanga kutoka upande mmoja ndipo safu zijitokeze.

Johann Diedrich Möller, wa Wedel huko Ujerumani, alitengeneza kipande cha kioo chenye diatomu 20 kwa mstari mmoja, kuanzia zenye msuko mpana mpaka Amphipleura mwishoni. Mnunuzi alitazama moja baada ya nyingine mpaka akwame. Lenzi za mafuta za Abbe zilianza kuuzwa mwaka 1878. Robert Koch alitumia lenzi ya namna hiyo alipotangaza mwaka 1882 kuwa amekiona kijidudu cha kifua kikuu, ambacho unene wake ni nusu mikroni au chini ya hapo. Ni Koch huyo huyo aliyekuja visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 kuchunguza malale.

Lenzi ya 1.25 ikishindwa kuionyesha Amphipleura, fundi asikimbilie kuitupa. Aangalie kwanza kama kuna mafuta ya zamani yaliyokauka juu yake. Aangalie pia lenzi ya chini inayokusanya mwanga, kama imeshushwa au imefunikwa vumbi. Mara nyingi kosa liko hapo, na kitambaa laini kinatosha.

Maswali ya kujadiliana: Kuna tofauti gani kati ya kukuza na kupambanua? Kwa nini gamba la diatomu linafaa kuwa kipimo kuliko jani la mti? Lenzi yenye namba 0.25 inapambanua mikroni ngapi, na je, itaionyesha Pleurosigma?