Mgonjwa Asiyesikia Njaa
Somo la wiki: 1 Wafalme 19:1-8, Yohana 21:1-17



Jumapili tulihubiri juu ya njaa na kiu ya haki, na wengi mlikuja mbele kuombewa. Baada ya ibada dada mmoja alibaki ameketi. Nilipomkaribia akaniambia, "Pasta, mimi sikuja mbele kwa sababu hiyo njaa sina. Nikifungua Biblia naona maandishi tu. Nikiomba, maneno yanaisha." Somo hili ni lake, na ni la wengine ambao hawakuniambia.

Sisi huwa tunafikiri kwamba mtu asiyesikia njaa ameshiba. Wahudumu wa afya kule Turkana na Marsabit, ambako ukame umeleta njaa mara nyingi, watakwambia si hivyo. Mtoto mdogo akiletwa, wanampima mkono wa juu kwa utepe wenye rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani ana utapiamlo mkali. Lakini hawaishii hapo. Wanampa mama pakiti ya chakula cha karanga amlishe mtoto pole pole, huku wao wakitazama. Akila vizuri na hana ugonjwa mwingine mbaya, anaweza kutibiwa akiwa nyumbani. Akikataa, analazwa. Umeona? Yule anayelilia chakula ana nafuu. Wa kuogopewa ni huyu anayegeuza uso, maana mwili umedhoofika hadi umeacha kuomba. Na hata akilazwa hapewi sahani ya ugali na nyama. Chakula kingi kwa ghafla kinaweza kumuua. Anaanzishwa kwa maziwa maalum, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku.

Sasa mtazame Eliya. Huyu si mtu wa kukosa imani. Juzi tu alikuwa Karmeli, moto umeshuka, manabii 450 wa Baali wameaibika, mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka. Halafu ujumbe mmoja wa Yezebeli unamfikia, naye anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima na kuketi chini ya mretemu. Angalia anachoomba. Haombi mkate wala maji. Anaomba kufa. Kisha analala.

Malaika anamgusa. Kama ni sisi tungemwendea, nadhani tungeanza na mahubiri: Wewe nabii mzima, umesahau Karmeli? Malaika hasemi hivyo. Anamwambia ainuke ale. Kuna mkate juu ya makaa na gudulia la maji karibu na kichwa chake. Eliya anakula, anakunywa, na ... analala tena! Hakuna nderemo, hakuna ushuhuda. Ukimwona wakati huo ungesema chakula hakijamsaidia kitu. Malaika anarudi mara ya pili, anamgusa tena, anampa tena, kwa sababu safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake. Ni baada ya mara ya pili ndipo anatembea siku 40, mchana na usiku, hadi Horebu.

Hapa nataka tujikosoe kidogo kama kanisa. Mtu akipoa, dawa yetu ni moja: funga siku tatu, njoo kesha, vunja hiyo roho. Mimi ninaamini katika kufunga, na makesha yetu ya Ijumaa hayaondoki. Lakini nafsi iliyokonda kwa miezi sita ukiiongezea mzigo, unaiponya au unaimaliza? Na kuna lile swali letu la mlangoni, "Mbona umepotea?" Tunaliuliza kwa upendo, lakini aliyedhoofika hulisikia kama mashtaka. Wengine wameacha kuja kwa sababu ya hilo swali tu.

Bwana Yesu hakufanya hivyo kwa Petro. Petro alikuwa amemkana mara tatu, akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu (Yohana 18). Katika sura ya 21 anatoka ziwani amelowa, na anakuta nini ufuoni? Moto wa makaa tena, samaki na mkate. Yesu mfufuka amepika! Na swali lile zito, kama Petro anampenda, halikuja kabla ya chakula. Mstari wa 15 unasema wazi kwamba lilikuja walipokwisha kula. Hata kwa Eliya ni vivyo hivyo. Mungu alimuuliza anafanya nini huko, lakini alimuuliza Horebu, akiwa ameshakula mara mbili.

Katika Yohana 6:35 Yesu anasema yeye mwenyewe ndiye mkate wa uzima, na kumla anakueleza kama kumjia na kumwamini. Hasemi uje ukiwa na hamu kubwa kwanza. Eliya hakuwa na hamu. Aliinuka tu akala kilichowekwa karibu naye.

Basi dada yangu, usijilazimishe sura tano kwa siku. Chukua Injili ya Marko, mistari michache asubuhi, michache jioni. Soma kwa sauti. Ukimaliza sema, "Bwana, nimekuja," hata kama husikii kitu, kisha uende kazini. Ukilala tena, kesho rudi.

Na ninyi viongozi wa ushirika wa nyumbani, wiki hii kila mmoja amtembelee mtu mmoja ambaye hajaonekana. Msiende watano. Usimuulize alikuwa wapi. Beba mkate au maziwa, kaa naye, soma zaburi moja fupi, omba kwa ufupi, ondoka. Halafu Alhamisi ijayo urudi, maana malaika naye alirudi.

Wiki ijayo tutaendelea na Horebu, 1 Wafalme 19:9-18. Tafadhali isomeni mapema.